Kidole Kimegusa Uzi, Mlio Haujafika: Kisa cha Sauti Iliyoachana na Picha

Kazi hii ya video ya onyesho la taarabu niliihariri mwenyewe. Jina la kikundi, mji, ukumbi na tarehe nimeviondoa kwa makubaliano na wenyewe, na wahusika nawataja kwa kazi zao tu. Vipimo vya muda nimeviacha kama vilivyokuwa, maana somo lote limo humo.

Usuli

Kikundi cha taarabu asilia katika mji mmoja wa pwani kilitaka onyesho lake lirekodiwe lote, tangu bashrafu ya kufungulia mpaka wimbo wa tisa. Onyesho lilichukua dakika 104. Walikuwa na nia mbili. Kwanza, kutoa wimbo mmoja mmoja mtandaoni. Pili, onyesho zima lihifadhiwe kwa ajili ya vijana wanaojifunza ala. Nia hii ya pili ndiyo iliyolifanya kosa letu kuwa zito. Anayesikiliza kwa starehe huenda asijali mdomo wa mwimbaji ukitangulia kidogo, lakini kijana anayejifunza ala ya kanuni anakodolea macho vidole vya mwalimu juu ya nyuzi zaidi ya 70. Kidole kikigusa uzi huu na sikio likapata mlio wa uzi uliopita, hapo hakuna mafunzo, kuna kupotosha.

Tulikuwa na kamera mbili, simu moja na kinasa sauti. Kamera ya kwanza, niiite A, ilikaa nyuma ya ukumbi, mita 18 kutoka jukwaani, ikarekodi bila kuzimwa. Kamera B ilikuwa mkononi kando ya jukwaa, inawashwa na kuzimwa. Simu tuliisimamisha mbele ya mpiga kanuni. Kinasa sauti kilichukua sauti moja kwa moja kutoka kwenye miksa ya ukumbi, mtambo unaokusanya sauti za maikrofoni zote, kwa sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde. Kamera zote mbili tuliziseti fremu, yaani picha moja moja, 25 kwa sekunde, kwa hiyo kila fremu ni milisekunde 40, sawa na sampuli 1,920 za sauti.

Kwa nini sauti irekodiwe kando? Maikrofoni ya kamera A ilisikia kile anachosikia mtu wa safu ya mwisho: viti vinaburutwa, vigelegele, mwangwi wa kuta, na kwa mbali udi. Miksa ilisikia kila ala kwa maikrofoni yake. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, na ningeurudia kesho.

Siku ya kurekodi

Kabla ya bashrafu, msaidizi wangu alisimama mbele ya maikrofoni ya mwimbaji akapiga kofi moja kubwa. Kamera A iliona viganja vikikutana, kinasa kikapata mlio, basi tukawa na alama ya kuanzia.

Mwisho wa onyesho hatukupiga kofi la pili. Wimbo wa tisa ulipofika ubeti wa mwisho watu walikuwa wamejaa mbele wakimtunza mwimbaji, jukwaa halionekani, na msaidizi alikuwa anazuia simu isisukumwe. Mziki ulipokwisha kila mtu alizima mtambo wake.

Usiku ule yalifanyika mambo mawili ambayo hatukuyapa uzito. Kamera A hukata rekodi ndefu katika mafaili, kila moja likifika karibu gigabaiti 4, na kwa kiwango tulichotumia hiyo ni kama dakika 33. Msaidizi alinakili mafaili yale ya video peke yake, akaacha folda nyingine za kwenye kadi, kwa kuwa zilionekana hazina kitu. Mimi nami niliifomati kadi ile kesho yake asubuhi, kwa sababu tulikuwa na kadi mbili tu na kazi nyingine ilikuwa inasubiri.

Kosa lilivyojificha

Mezani niliyapanga mafaili manne ya kamera A moja baada ya jingine kwenye mstari wa muda, nikaweka sauti ya kinasa chini yake, nikavuta mpaka mlio wa kofi ukaangukia kwenye fremu ambayo viganja vinakutana. Bashrafu na wimbo wa kwanza vilikaa sawasawa: upinde wa fidla unageuka, sauti inageuka nao. Tukatoa wimbo wa kwanza, kisha wa pili. Kikundi kikaridhika.

Kilichotuponza ni kuanza na nyimbo zilizo karibu na kofi. Nilijaribu kazi pale pale ambapo haikuwa na nafasi ya kuharibika.

Siku chache baadaye mzee mpiga kanuni alikuja kutazama onyesho zima kabla halijatoka. Nilimwamkia, nikamwekea kiti mbele ya skrini. Alitazama kimya saa nzima na zaidi. Kwenye taksimu yake, kipande anachopiga peke yake, ndani ya wimbo wa tisa aliinua mkono.

"Mwanangu, hebu rudisha hapo."

Nikarudisha. Akasogeza uso karibu na kioo, kidole chake cha shahada chenye pete ya kupigia kikitembea hewani sambamba na picha.

"Kidole kimegusa uzi, mlio haujafika. Huyu ana vidole vyangu, lakini hapigi ninachokipiga mimi."

Nilipima: sauti ilikuwa nyuma ya picha kwa zaidi ya fremu 11. Karibu nusu sekunde, nami nilikuwa nimeipita mara tatu bila kuiona, kwa sababu nilikuwa natazama mikato na rangi.

Uamuzi wa kwanza, na sababu zake

Niliwashuku watuhumiwa wawili wa kila siku. Wa kwanza ni viwango viwili vya sampuli: 44,100 na 48,000. Lakini faili la 48,000 likisomwa kwa 44,100 linapungua kasi kwa asilimia 8 na sauti inazama. Mwimbaji angegeuka mtu mwingine. Wa pili ni fremu 29.97 dhidi ya 30, urithi wa televisheni ya rangi ya Marekani. Tofauti hiyo ni moja katika elfu, nayo huzaa sekunde 3.6 kila saa. Sisi tulikuwa na nusu sekunde katika saa moja na dakika 44. Ukubwa wa kosa peke yake uliwaachilia wote wawili.

Nikabaki na mtuhumiwa wa tatu, na huyu kweli alikuwamo. Kila mtambo una saa yake ya ndani, fuwele ya kwatsi inayotetema, na hakuna fuwele mbili zinazotetema sawa kabisa. Kinasa kinaposema "sekunde imekwisha", kamera inaweza kuwa bado imebakiwa na sehemu kadhaa katika milioni za sekunde ile. Kwa dakika moja si kitu. Kwa dakika 104 ni kitu. Joto nalo huzisukuma fuwele hizo, na ukumbi uliojaa watu si sawa na meza ya ofisini.

Nikajiambia: basi ni saa mbili zinazoachana polepole, dawa yake ni kuibana sauti kidogo mpaka mwisho wake ukutane na mwisho wa picha. Mwanzo ninao, ni kofi. Mwisho nilipata pigo la dumbak, ile ngoma ya mkono, katika dakika ya 104, sauti ikiwa imechelewa milisekunde 458.

Hata kuibana kwenyewe kulikuwa kazi. Programu yangu ya kuhariri huandika kasi kwa desimali mbili za asilimia, na hatua yake ndogo kuliko zote, 0.01, ingeisogeza sauti milisekunde 624. Nililipeleka faili kwenye SoX, programu ya bure inayokubali desimali nyingi, nikaliongezea kasi mara 1.000073. Nilirudi nikatazama mwanzo: sawa. Nikatazama mwisho: sawa. Nikampelekea fundi sauti wa kikundi.

Alinipigia jioni. "Ndugu yangu, mwisho umekaa vizuri. Lakini wimbo wa tatu dumbak inalia kabla kiganja hakijashuka."

Alikuwa na haki, na hali ilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Macho yetu yamezoea sauti kuchelewa. Mtu akipasua kuni ng'ambo ya mkono wa bahari, unaona shoka linatua ndipo mlio unakufikia. Umeme unamulika, radi inafuata. Kinyume chake hakitokei popote duniani, ndiyo maana sikio hukishtukia mara moja. Pendekezo BT.1359 la shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linaonyesha hivyo kwa tarakimu: mtazamaji huanza kutambua sauti inayotangulia kwa milisekunde 45 tu, ilhali inayochelewa humpita mpaka 125. Katika dakika ya 30 nilikuwa nimeitanguliza sauti kwa milisekunde 69. Nilichukua sehemu ambayo karibu hakuna mtu angeiona kasoro, nikaitia kasoro.

Kupima kabla ya kugusa

Nikaacha kutengeneza, nikakaa kupima. Nilirudisha faili la sauti la awali, nikatafuta mapigo makali ya dumbak kila baada ya muda, nikalinganisha mlio wa kinasa na mlio wa kamera A yenyewe. Kuchelewa kwa sauti, baada ya kuondoa athari ya umbali ambayo nitaieleza, kulikuwa hivi: dakika ya 10, milisekunde 21; ya 30, 63; ya 36, 156; ya 60, 206; ya 70, 307; ya 95, 360; ya 104, 458.

Ukizitazama tarakimu hizo kwa haraka unaona zinapanda tu. Zitazame tena. Kutoka dakika ya 10 hadi ya 30 zimepanda 42 kwa dakika 20, yaani 2.1 kila dakika. Kutoka ya 36 hadi ya 60 ni 2.1 tena. Kutoka ya 70 hadi ya 95, vile vile. Huo ndio mwendo wa saa mbili zinazoachana: sehemu 35 katika milioni, mteremko ulionyooka. Lakini kati ya dakika ya 30 na ya 36 kuna kuruka kwa 93, na mwendo wa saa hauelezi zaidi ya 13 kati ya hizo. Milisekunde 80 zilizobaki ni fremu mbili kamili, nazo zilipotea ghafla. Vivyo hivyo karibu na dakika ya 66, na tena karibu na ya 99.

Dakika 33, 66, 99. Ni pale faili moja la kamera A linapokwisha na jingine linapoanza.

Folda zile zilizoonekana hazina kitu ndizo zilizokuwa na maelezo ya namna ya kuyaunga mafaili bila pengo. Programu ikipewa kadi nzima huyasoma maelezo hayo. Ikipewa mafaili matupu huyapanga tu bega kwa bega, na kwenye kila kiungo tulipoteza fremu mbili. Kwa hiyo nilikuwa na ngazi tatu zilizojificha ndani ya mteremko, nami nilikuwa nimezinyoosha zote kwa mstari mmoja. Ncha mbili za mstari haziwezi kukuambia kilichotokea katikati.

Na umbali? Kwenye kofi, viganja vilikutana katika picha, mlio wa kinasa ukawa pale pale, lakini mlio uliosikiwa na kamera A yenyewe ulikuja milisekunde 52 baadaye. Hewa ya ukumbi wa joto hubeba sauti kama mita 349 kwa sekunde. Mita 18 zinachukua milisekunde 52, zaidi ya fremu moja. Hili lilinieleza jambo jingine. Nilikuwa nimejaribu kuziachia programu zioanishe zenyewe kwa kulinganisha mawimbi ya sauti, na kila wimbo ulitoka umechelewa kidogo, wote kwa kiasi kilekile. Programu haikukosea hesabu. Iliiweka sauti ya miksa mahali sikio la kamera lilipokuwa, nyuma ya ukumbi, wakati jicho la kamera linatazama jukwaa kana kwamba liko karibu.

Simu ilikuwa na ugonjwa wake wa pekee. Haikuwa na mteremko wala ngazi. Picha yake ilitangulia, ikachelewa, ikatangulia tena. Niliifungua kwa MediaInfo, programu inayoonyesha maelezo ya faili, na pale penye aina ya mwendo wa fremu pakaandikwa kuwa unabadilika. Simu nyingi hurekodi hivyo, na taa zikififia hupunguza fremu ili zipate mwanga. Programu ya kuhariri ikadhani fremu zote zina urefu mmoja.

Uamuzi wa pili

Swali halisi lilikuwa: nani amfuate nani? Kuibana sauti ili ifuate kamera A kungekuwa sahihi kama ingekuwa mhadhara wa kamera moja isiyokatwa. Hapa kulikuwa na kamera B na simu, kila moja na saa yake, na sauti iliyobanwa kwa ajili ya A isingewafaa wenzake. Isitoshe, huu ni mziki. Kuongeza kasi kwa sehemu 35 katika milioni hakusikiki, lakini ukitumia njia za kubana zinazolinda kimo cha sauti, mwanzo mkali wa milio ya kanuni hutoka umefifia. Nikaamua sauti ya kinasa isiguswe hata sampuli moja, na picha zote ziifuate.

Kwenye viungo vitatu vya kamera A niliacha pengo la fremu mbili mbili na kulifunika kwa picha ya kamera B. Mteremko uliobaki ulikuwa mdogo kuliko nilivyoogopa: kwa milisekunde 2.1 kila dakika, fremu moja inatimia baada ya dakika 19. Onyesho zima lilihitaji picha ya A isogezwe mbele fremu moja mara tano tu, na kila mara nilisogeza pale ninapohamia kamera nyingine, au watu wanaposimama kutunza. Jicho halioni.

Kamera B ilikuwa rahisi kuliko zote. Klipu zake zilikuwa fupi, nyingi chini ya dakika tano, na saa mbili hazipati muda wa kuachana katika dakika tano. Nilizioanisha moja moja kwa mawimbi. Mita tatu za umbali ni milisekunde 9, sikuzihesabu. Faili la simu nililipitisha kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, nikachagua mwendo wa fremu usiobadilika, 25, ndipo nikaliingiza upya na kulioanisha wimbo kwa wimbo.

Matokeo

Kazi ilitoka siku tisa baada ya ahadi. Wimbo wa kwanza uliokwisha kutolewa tuliuacha, kuchelewa kwake hakufiki fremu moja. Wa pili tuliuondoa tukaweka mpya. Mzee alikuja tena, akaomba taksimu ya wimbo wa tisa. Safari hii alifumba macho kwanza akasikiliza mpaka mwisho, kisha akataka irudiwe akiwa ameyafumbua. Hakusema kitu. Alinyoosha kidole kwenye skrini, akamwonyesha mjukuu wake namna mkono wa kushoto unavyovuta kile kitasa kidogo cha kubadili sauti ya uzi.

Uchambuzi

Kofi la mwanzo lilifanya kazi yake barabara, na ndilo lililofichua athari ya umbali. Lililokosekana ni la mwisho. Ningekuwa nalo, ningeipata ile 458 siku ya kwanza badala ya kuipata kwa mzee. Lakini niwe mkweli: hata makofi mawili yangenipeleka kwenye kosa lilelile la kunyoosha ngazi. Alama ya tatu, popote katikati, ndiyo inayotofautisha mteremko na ngazi. Kwa onyesho la mziki si lazima iwe kofi, pigo lolote kali linaloonekana linatosha, bora mtu alitafute kabla hajagusa kitu.

Uamuzi ulioniuma kuliko yote ni kuifomati kadi. Makosa mengine yote yalirekebishika mezani. Hili liliondoa uwezekano wa kurudi kwenye chanzo. Fremu sita zile hazipo tena popote. Sasa tunanakili kadi nzima kama ilivyo, na haifomatiwi mpaka nimetazama dakika ya mwisho ya kila kamera ikiwa na sauti ya kinasa. Dakika ya mwisho, si ya kwanza.

Kuna pia mahali tulipopona bila kujua. Vinasa vingi hukata faili la sauti la WAV likifika gigabaiti 2, na kwa sampuli 48,000, biti 24, chaneli mbili, hiyo hutimia baada ya saa 2 na dakika 4 hivi. Onyesho letu liliisha kama dakika 20 kabla. Wimbo mmoja wa ziada na mrudio wake ungeweza kutusogeza hadi kwenye kiungo cha sauti, juu ya vile vya picha.

Wenzangu huniuliza kuhusu vifaa vya kupachika alama za saa kwenye kila kamera na kinasa. Vinafaa sana, hasa mkiwa na klipu nyingi. Ila alama ya saa inasema klipu ilianza lini. Haiizuii fuwele ya kinasa kukimbia baada ya hapo, isipokuwa mitambo iwe imefungwa kwenye saa moja. Kwa sisi ambao mitambo yetu ni ya kawaida kuna jaribio lisilo na gharama: weka kamera na kinasa mezani, piga kofi, viache saa nzima, piga kofi tena, upime. Nilifanya hivyo kwa kamera A na kinasa kile baada ya kazi hii, na tofauti ilikuwa karibu ileile, milisekunde 2 kwa dakika. Nimeiandika kwa wino kwenye utepe, nikaubandika chini ya kinasa.